UZI: Alihukumiwa kunyongwa kwa kughushi hati, akaijenga Sydney, na sura yake ikaja kuchapwa kwenye noti

Mwashi wa Kigamboni #1

Habari za jioni wakuu.

Hii habari nimekaa nayo muda mrefu. Leo naiteremsha hapa jukwaa la ujenzi kwa sababu wengi wetu humu tunakula kwa mchanga na saruji. Inamhusu Francis Greenway, msanifu majengo wa kwanza wa serikali katika koloni la New South Wales, Australia. Hakwenda kule kwa mkataba wa kazi wala kutafuta maisha. Alipelekwa na meli ya wafungwa, akiwa na adhabu ya miaka 14.

Nianze na nilivyomfahamu. Nilisoma Sydney, fani ya usimamizi wa ujenzi, na kama wanafunzi wengi wa kwetu nilikuwa nafanya usafi maofisini ili kodi ya chumba ilipike. Njia yangu ya kwenda kwenye zamu ya jioni ilipita mwisho wa Macquarie Street. Pale kuna jengo la sakafu tatu la matofali ya kuchoma, paa lake la pembetatu, saa moja kubwa juu. Halina nakshi ya kukushika macho. Siku moja nilipita jua likiwa linazama, likawa linaupiga ukuta wa mbele ubavu, na zile nguzo bapa ambazo zimetokeza kidogo tu ukutani zikatoa vivuli virefu kutoka chini hadi juu. Ukuta wote ukawa kama unapumua. Nikasimama.

Nikasogea nikapapasa. Ni matofali yaliyofinyangwa kwa mkono na hakuna mawili yanayofanana. Hili limepinda kidogo, lile limeungua kona, jingine lina kipande cha jiwe kimeng'ang'ania ndani. Lakini jicho likifuata mstari mlalo, umenyooka kana kwamba fundi ameupiga uzi asubuhi ya leo. Nikajiuliza ni nani huyu aliyepewa matofali mabaya hivi akatoa ukuta mzuri hivi. Kibao cha pale kikanipa jina, na maktaba ikanipa yaliyobaki.

Nitaandika kwa vipande, nina saiti kesho alfajiri.

Bint Vuga #2

Karibu sana kaka. Tupo, shusha taratibu.

Mzee wa Timazi #3

Kijana, usituachie nusu. Nyuzi zako za msingi wa udongo mfinyanzi nilizisoma zote, na hii naisubiri.

Mwashi wa Kigamboni #4

Shikamoo mzee wangu. Naendelea.

Greenway alizaliwa tarehe 20 Novemba 1777 Mangotsfield, karibu na Bristol, magharibi mwa Uingereza. Ukoo wao ulikuwa wa waashi na wajenzi. Akapata bahati ya kujifunza London kwa John Nash, yule ambaye baadaye aliigeuza Buckingham kuwa kasri. Aliporudi Bristol akaingia kazini na ndugu zake wawili. Walichonga mawe, walichora, walijenga, na walinunua nyumba wakauza. Kazi yao kubwa ilikuwa hoteli na ukumbi wa starehe kule Clifton. Mwaka 1809 wakafilisika.

Hapa ndipo panaponiuma kama mtu wa fani. Kulikuwa na mkataba wa kumalizia nyumba. Greenway alidai mteja alikubali kulipa pauni 250 zaidi, na ikatokea karatasi ya kuonyesha hivyo. Karatasi ilikuwa ya kughushi. Nani humu hajawahi kugombana kuhusu kazi za nyongeza? Mteja anakuja saiti anasema ongeza hapa, sogeza pale, tutaelewana. Siku ya malipo anakukana mchana kweupe. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwake, na kughushi ni kughushi. Nasema tu kwamba nikisoma kesi ile sioni jambazi wa benki. Namwona fundi aliyefilisika na karatasi moja mkononi.

Mwaka 1812 alikiri kosa. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, kughushi hati kulimpeleka mtu kwenye kitanzi. Akahukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa miaka 14 ya kupelekwa koloni. Akiwa gerezani Newgate ya Bristol akisubiri, alichora picha za rangi za maisha ya mle ndani. Mbili zipo mpaka leo, zimehifadhiwa Sydney katika maktaba ya jimbo. Moja inaonyesha wafungwa wakiigiza kesi: wamejipanga wenyewe kwa wenyewe, huyu hakimu, yule mshtakiwa. Mtu aliyetoka kuhukumiwa kifo akaketi kuchora wenzake wakicheza mahakama. Picha hiyo sikuweza kuipita haraka.

Meli iliyompeleka iliitwa General Hewitt. Iliingia Sydney Februari 1814. Ilikuwa na wafungwa 300 na wengi, zaidi ya 30, walikufa njiani kwa maradhi. Katika zaidi ya watu 160,000 waliosafirishwa hivyo kwenda Australia kati ya 1788 na 1868, huyu alishuka na kitu ambacho wenzake karibu wote hawakuwa nacho: barua ya kumtaja vizuri. Admirali Arthur Phillip, gavana wa kwanza wa koloni lile aliyekuwa amekwisha kustaafu, alimwandikia gavana aliyekuwepo, Lachlan Macquarie, kwamba huyu bwana anajua kazi.

Mkadiriaji #5

Mkuu, hapo kwenye kazi za nyongeza umenigusa. Mimi kazi yangu ni kupima na kukadiria, na kila mara nawaambia mafundi: neno la mdomoni halina mita za mraba. Bila barua ya mabadiliko usiguse tofali. Wananiona mkorofi.

Swali: huyo Macquarie alimpa mfungwa kazi ya serikali moja kwa moja?

Mwashi wa Kigamboni #6

Hapana mkuu, kwanza waligombana.

Macquarie alikuwa gavana tangu 1810 na alikuta mji wa vibanda. Alitaka mitaa, makanisa, mahakama, hospitali. Wafungwa wenye nguvu aliwapata kwa mamia, mtu wa kuchora ndiye alikosekana. Kwa hiyo mwaka 1814 akampa Greenway mtihani: hiki hapa kitabu cha ramani, ninakilie hili jengo la ukumbi wa mji na mahakama.

Greenway, mfungwa wa miezi michache, akamjibu gavana kwa barua kwamba inamuuma mtu wa taaluma kunakili jengo lisilo na uwiano. Akataka aachiwe achore la kwake. Macquarie akamrudishia barua kali. Nadhani gavana mwingine angempeleka kuvunja mawe. Huyu alikasirika lakini hakumtupa. Alimruhusu atafute riziki. Mkewe Mary na watoto wao watatu waliwasili mwaka huo huo wa 1814 kwa meli nyingine, na Greenway akafungua ofisi yake George Street akiwa bado anatumikia kifungo.

Machi 1816 ndipo alipoteuliwa kuwa kaimu msanifu majengo wa serikali. Ujira wake ulikuwa shilingi 3 kwa siku, pamoja na nyumba. Shikeni hiyo shilingi 3, itarudi.

Moja ya kazi zake za mapema ilikuwa kukagua hospitali ambayo watu wa Sydney waliiita hospitali ya ramu. Serikali haikuwa na fedha, kwa hiyo wafanyabiashara watatu waliijenga na kulipwa kwa kibali cha kuingiza galoni 45,000 za pombe kali bila kushindanishwa. Mkandarasi anayelipwa kwa pombe anawaza pombe. Greenway aliingia mle na kutoa ripoti iliyowavua nguo: kazi mbovu, viungio vibovu, vipimo vimepunjwa. Alikosana na matajiri wa mji akiwa hana hata uhuru wake mwenyewe. Mabawa mawili ya hospitali ile yamesimama mpaka leo. Moja ni sehemu ya bunge la jimbo. Walipokuja kulikarabati katika miaka ya 1980, baadhi ya kasoro alizoandika zilikutwa bado zimo ukutani, hazikuwahi kurekebishwa.

Mzee wa Timazi #7

Hapo umenikumbusha mbali. Mimi nimeshika mwiko tangu enzi chokaa inachomwa kwa magogo. Ukaguzi wa kweli ni wa mkono. Unasugua kiungio, unasikiliza tofali likigongwa. Likilia kama kigae limeiva, likitoa sauti ya chungu kibovu ondoa.

Hebu niambie, huko walitumia chokaa gani? Saruji ya viwandani haikuwepo.

Mwashi wa Kigamboni #8

Mzee, swali hili nililisubiri!

Karibu na Sydney hapakuwa na mawe ya chokaa. Walichoma makome. Mwanzoni walichota malundo makubwa ya makome ya chaza yaliyokuwa ufukweni, malundo yaliyoachwa na wenyeji wa asili wa nchi ile ambao kwa vizazi vingi walikula pale. Kwa hiyo ndani ya kuta za koloni, kati ya tofali na tofali, kuna mabaki ya milo ya watu walionyang'anywa ardhi. Nilipolijua hili niliuona ule ukuta kwa jicho jingine, na naona si haki kumsifu Greenway bila kulitaja.

Kwa ufundi ni binamu wa chokaa yetu ya pwani. Sisi tumechoma matumbawe juu ya tanuru la magogo, wao walichoma makome. Zote zimetoka baharini, zote zinataka kuoshwa chumvi na kuachwa zilale kabla ya kutumika. Ukiharakisha zinakuumbua.

Bint Vuga #9

Subhanallah. Nimezaliwa Mji Mkongwe, nyumba yetu ina ukuta wa karibu nusu mita, mawe na chokaa na boriti za mikoko. Babu alikuwa akisema chokaa ikitiwa na pupa, ukuta unatoa jasho. Sikujua kama upande wa pili wa bahari nao walichoma vitu vya baharini.

Endelea kaka, habari ya jela kujengwa na mfungwa.

Mwashi wa Kigamboni #10

Samahanini kwa kimya, jana tulikuwa na zege mpaka usiku.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa mnara wa taa za meli kwenye mlango wa bandari, Macquarie Lighthouse. Ulianza kujengwa 1816. Mawe ya mchanga ya pale ni laini, na Greenway alimwambia gavana wazi kwamba jiwe hili halitadumu. Akaambiwa jenga. Akajenga, na ukatoka mnara mzuri. Desemba 1817 Macquarie alipanda kuutazama na akampa Greenway msamaha wenye masharti palepale. Miaka michache baadaye mawe yakaanza kumong'onyoka kama alivyosema, na ikabidi mnara ufungwe mikanda ya chuma ili usianguke. Kumbukeni mnara huu, nitaurudia.

Kisha Hyde Park Barracks, lile jengo lililonisimamisha jioni ile. Jiwe la msingi ni la 1817, wafungwa waliingia 1819. Lilipangwa kulaza wanaume 600 kwenye bembea za turubai zilizofungwa kwenye fremu za mbao, ingawa baadaye walijazwa zaidi ya mara mbili. Macquarie alifurahi mno na jengo hilo, na mwaka huohuo Greenway akapata msamaha kamili. Hata saa ya juu ilisimamiwa na mfungwa, James Oatley, fundi saa. Na chini ya sakafu kuna jambo la ajabu: panya waliishi mle miaka mingi wakikokota vipande vya nguo, karatasi na vitu vidogo vidogo vya wakazi kutengeneza viota. Walipofungua sakafu walikuta maelfu ya vitu. Mashati ya wafungwa yamehifadhiwa na panya. Tangu 2010 jengo hilo liko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na maeneo mengine 10 ya wafungwa nchini Australia.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote iko nje ya jiji, Windsor, kanisa la Mtakatifu Mathayo. Jiwe la msingi liliwekwa 1817, na chini yake ikawekwa sarafu ya fedha kwa heshima. Usiku ule ule ikaibwa. Wakaweka nyingine, nayo ikaibwa. Mkandarasi akaanza kupandisha kuta. Greenway akaenda kukagua, akaona kazi haifai, akaamuru ibomolewe na kuanzwa upya.

Wakuu, niwasimulie langu kidogo. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa msimamizi wa jengo moja la madarasa, jina la mkandarasi na mahali nayaacha. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Nilipita na msumari wa inchi nne mfukoni. Nikauchomeka kwenye kiungio, ukaingia kama kwenye ugali. Nikahamia kona nyingine, ukaingia tena. Mfuko mmoja wa saruji ulikuwa umetembezwa kwenye toroli nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Nikasema tubomoe. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa watoto wanasubiri madarasa, nikaambiwa naringa, nikaambiwa mimi bado mdogo. Nilibishana siku nne. Tulibomoa upande mmoja tu. Ule mwingine ulichapwa ripu ukafunikwa, na mimi nikahamishwa. Usiku mvua ikinyesha sana huwa nauwaza ule ukuta.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya lile kanisa la Windsor, matofali mekundu, mnara wa mraba wenye kibanda cha pembe nane juu yake, nilijua ninatazama nini. Nilikuwa natazama ukuta wa pili. Wa kwanza, Greenway alikuwa na ujasiri wa kuubomoa.

Mzee wa Timazi #11

Pole sana kijana. Ulifanya ulichopaswa.

Pwani ya Kaskazini #12

Nasoma kutoka Mombasa. Mwashi, ndugu yangu, andika barua ya huo ukuta hata leo. Hata kama ulihamishwa. Wale watoto bado wamo mle.

Mwashi wa Kigamboni #13

Ahsante ndugu. Barua niliandika wakati ule na nina nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Umenifanya nifikirie kuifuatilia tena. Nitafanya hivyo wiki hii.

Mkadiriaji #14

Tunakushikilia kwa hilo mkuu. Sasa rudi kwenye shilingi 3.

Mwashi wa Kigamboni #15

Shilingi 3 ndizo zilizomwangusha, pamoja na ulimi wake.

Alikuwa na kiburi cha kazi na kiburi cha nafsi, na sidhani alijua kipi ni kipi. Mwishoni mwa 1816 kapteni mmoja wa jeshi, aliyekuwa amempa kazi ya kuchora mapambo ya kitambaa cha chama chao, alimchapa kwa mjeledi baada ya kupishana maneno. Greenway, bado mfungwa, alimshtaki ofisa wa jeshi la mfalme mahakamani na akashinda. Hapo nampongeza. Lakini kila mji una watu wanaohesabu, na Sydney walimhesabia.

Mwaka 1819 London ilimtuma John Thomas Bigge, mwanasheria, kuchunguza koloni. Huko Uingereza walikuwa wanalalamika kwamba Macquarie anawatendea wafungwa vizuri kupita kiasi na anatumia fedha nyingi kwa majengo. Bigge akayapitia majengo moja moja. Mazizi ya farasi wa gavana, yenye minara kama ngome, yakawa mfano wa ufujaji, watu wakiuliza farasi wanajengewa kasri la nini. Mahakama iliyokuwa imeanza kujengwa King Street ikageuzwa kanisa kwa ushauri wake. Fikirieni mmekwisha kutoa msingi wa mahakama, mnaambiwa sasa ni nyumba ya ibada! Greenway akaligeuza, na kanisa hilo la Mtakatifu James, lenye mnara mwembamba mrefu, linatumika mpaka leo. Mazizi nayo yaligeuka chuo cha muziki tangu 1915.

Macquarie aliondoka mwanzoni mwa 1822. Gavana mpya, Thomas Brisbane, hakuwa na sababu ya kumvumilia. Na Greenway akachagua wakati huo kudai kwamba, mbali na ujira wa siku, anastahili asilimia ya thamani ya majengo yote aliyochora, kama msanifu yeyote wa Uingereza. Kwa desturi ya taaluma dai lake lina msingi. Kwa karatasi hana kitu. Hapakuwa na mkataba wa asilimia. Novemba 1822 akafukuzwa.

Nyumba ya serikali akagoma kuitoka. Alidai alipewa iwe yake, na hati aliyoitoa kuthibitisha, watafiti waliofuata wameiona ina dalili za kughushiwa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Miaka yote ile, minara na makanisa yote yale, na mtu amerudi kwenye karatasi ile ile ya Bristol.

Bint Vuga #16

Mmh. Imenihuzunisha kweli. Na alimalizia wapi?

Mwashi wa Kigamboni #17

Dada yangu, alimalizia pabaya. Alijaribu kazi binafsi, wateja wakawa wachache. Mkewe alifariki 1832. Mwaka 1835 alitoa tangazo gazetini akiwaomba marafiki na umma wamrudishie kazi, kwa maneno ya mtu mwenye adabu anayekaribia kuomba chakula. Alikuwa na shamba upande wa mto Hunter, kaskazini mwa Sydney, na huko ndiko alikofia Septemba 1837, akiwa karibu kutimiza miaka 60. Amezikwa makaburi ya Glebe, East Maitland. Kaburi halina alama.

Noti ni hivi. Tarehe 14 Februari 1966 Australia iliacha pauni ikaanza kutumia dola. Kwenye noti ya dola 10 wakaweka sura ya Francis Greenway, na noti hiyo ikatumika mpaka nafasi yake ilipochukuliwa na noti mpya ya plastiki mwaka 1993. Mtu aliyeponea kitanzi kwa karatasi ya uongo ya pauni 250, miaka mingi baadaye sura yake ndiyo ikawa ishara kwamba karatasi ni ya kweli.

Pwani ya Kaskazini #18

Na mnara wa taa? Ulisema utarudi.

Mwashi wa Kigamboni #19

Ndiyo, na hapa anaingia mhamiaji mwingine. James Barnet, Mskoti wa Arbroath, mtoto wa mjenzi, aliyehamia Sydney 1854 kwa hiari yake. Alianza na kazi ya mawe, akawa msimamizi wa ujenzi chuo kikuu, 1860 akaingia ofisi ya msanifu wa koloni, 1862 akakaimu ukuu wake, na akaiongoza mpaka 1890. Kufikia 1881 ofisi yake ilikuwa imeshughulikia posta 169, mahakama 130 na vituo vya polisi 155, ukiacha minara ya taa. Posta kuu ya Sydney ni yake. Upande wa Pitt Street aliruhusu mchongaji Mwitaliano, Tommaso Sani, achonge watu wa kawaida wakiwa kazini. Wakubwa wakazikasirikia zile sanamu, wakataka ziondolewe. Barnet alizitetea, na zipo mpaka leo.

Sasa, mnara wa Greenway ulikuwa unaelekea kuanguka, na Barnet ndiye aliyepewa kazi ya kujenga mpya. Alikuwa na cheo, alikuwa na fedha, alikuwa na teknolojia ya taa ya umeme. Angeweza kuchora mnara wake kabisa. Badala yake aliujenga hatua chache tu kutoka ule wa zamani, kwa jiwe bora, na akalifuata umbo la Greenway. Ulikamilika 1883, ule wa kwanza ukabomolewa. Ukisimama pale leo unaangalia mchoro wa Greenway katika jiwe ambalo Greenway alilinyimwa. Kwangu mimi heshima ya fundi kwa fundi haizidi hapo.

Bint Vuga #20

Kaka, kwetu pia tunaye wa namna hiyo, ingawa yeye alikuja na cheo, si minyororo. John Houston Sinclair, Muingereza. Mahkama Kuu ya Vuga ni mchoro wake, na Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, la 1925, lenye kuba jeupe. Mwishoni alifika kuwa Mwakilishi Mkaazi wa Uingereza Zanzibar. Alichukua matao na kuba za Kiislamu akayatia kwenye ofisi za serikali ya kikoloni. Mimi nimepita chini ya yale matao tangu niko chekechea, na nimeyapenda kabla sijajua nani aliyachora wala kwa nini. Ndiyo maana uzi wako umenikaa.

Mwashi wa Kigamboni #21

Dada, hilo linastahili uzi wake. Wewe ndiye wa kuuandika, unaishi nayo. Nitakuwa wa kwanza kukaa chini.

Mkadiriaji #22

Nyongeza ndogo. Pale lilipo jumba maarufu la opera la Sydney, kwanza kulikuwa na ngome, Fort Macquarie, mchoro wa Greenway, ikabomolewa 1901. Na Jørn Utzon, Mdenishi aliyelichora jumba la opera, alijiuzulu 1966 baada ya kugombana na serikali ya jimbo kuhusu kazi na malipo, akaondoka na hakurudi kuliona limekwisha. Sehemu moja, wasanifu wawili waliotoka ng'ambo, ugomvi ule ule wa malipo. Na 1966 ndio mwaka wa ile noti.

Mwashi wa Kigamboni #23

Mkuu, hilo la mwaka sikuwahi kuliunganisha. Ahsante.

Zamu ya Usiku #24

Kaka zangu na dada, mimi ni Mrundi, naishi Sydney mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi hospitali ya Macquarie Street. Napita mbele ya hilo jengo la matofali kila siku na sijawahi kulitazama. Leo nimemaliza zamu nikavuka barabara. Nimesoma maandishi ya chini ya paa, yale ya kwenye pembetatu kuzunguka saa. Yameandikwa jina la Macquarie, cheo chake cha gavana na mwaka 1817. La Greenway halipo pale.

Nimepapasa tofali kama ulivyosema. Moja lina kijiwe ndani.